Mwani Katika Tangi la Matumbawe: Kutambua Dalili na Kufikia Chanzo

Kabla ya kumwaga dawa yoyote katika tangi, chota kidogo cha kile kinachokukera, kiweke kwenye kisahani cheupe chenye maji ya tangi lenyewe, kisha ukitazame kwa karibu. Je, kinabaki kama uzi ulioshikamana na jiwe, kinachanika kama kitambaa chembamba, kinavutika kama makamasi, au kinatawanyika kuwa vumbi mara tu unapokigusa? Jibu la swali hilo dogo ndilo linaloamua kila hatua itakayofuata, kwa sababu vitu tunavyovibandika jina moja la "mwani" ni viumbe wa koo mbalimbali kabisa, na tiba inayomkondesha mmoja humnenepesha mwingine. Matangi mengi niliyoyaona yakiharibika hayakuuawa na mwani. Yaliuawa na tiba iliyoanza kabla ya ugonjwa kujulikana.

Inafaa pia kukubali mapema kwamba tangi la matumbawe lisilo na mwani kabisa halipo. Matumbawe yenyewe huishi kwa chakula kinachotengenezwa na mwani wa chembe moja uliojificha ndani ya nyama yake, na mwani huo, kwa ajabu ya maumbile, ni wa ukoo wa dinoflajelati, ukoo uleule unaozaa balaa baya kuliko yote tutakayoyataja hapa chini. Basi anayetaka kuyafanya maji yake yasiweze kulisha mwani wa aina yoyote anayanyima pia matumbawe riziki yake.

Vipimo vinavyofaa kuwa mbele yako unapoanza uchunguzi ni hivi: joto la nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi, chumvi ya takriban gramu 35 katika kila kilo ya maji, alkalini (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe) ya 8 hadi 10 kwa kipimo cha dKH, kalsiamu ya miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu ya 1250 hadi 1350, nitreti ya 2 hadi 10, na fosfeti ya 0.03 hadi 0.10. Angalia vizuri kifaa chako kinasoma nini. Kuna vipimo vinavyoonyesha fosforasi peke yake kwa sehemu za bilioni, na hapo ni lazima uzidishe namba kwa 3.066 kisha ugawanye kwa 1000 ili upate fosfeti kwa miligramu kwa lita. Na kuna vinavyoonyesha naitrojeni iliyomo ndani ya nitreti, ambayo huzidishwa kwa 4.43. Nimekutana na mtu aliyehangaika miezi mingi kushusha nitreti ambayo kwa kweli ilikuwa sawasawa tangu mwanzo, kwa sababu tu alizidisha namba isiyohitaji kuzidishwa.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba kipimo husoma kilichobaki majini, wala hakisomi kile ambacho mwani umekwisha kula. Tangi lililofunikwa na nyuzi za kijani linaweza kuonyesha sifuri ya fosfeti kwa sababu kila chembe inayotoka kwenye mwamba au kwenye chakula hunyakuliwa kabla hujaleta kichupa chako. Sifuri ndani ya tangi chafu na sifuri ndani ya tangi safi ni habari mbili tofauti, na zote mbili ni mbaya.

Vumbi la kahawia katika tangi jipya

Likitokea katika wiki za kwanza, likaenea juu ya mchanga na vioo kama unga wa dhahabu iliyofifia, na likipanguswa kwa kidole bila upinzani wowote, hao ni dayatomu. Wanajenga maganda yao kwa silika inayotoka katika mchanga mpya, miamba mipya au maji ya bomba. Usifanye lolote zaidi ya kupangusa kioo na kuhakikisha maji unayotumia yamechujwa vizuri, kwani silika ikiisha nao hupungua wenyewe. Wakirudi katika tangi lenye umri wa mwaka au zaidi, mara nyingi shida iko kwenye kichujio cha maji: nunua kalamu ya kupima vitu vilivyoyeyuka, na kama maji yanayotoka mwisho wa kichujio hayasomi 0, badilisha kemikali ya kuondoa ayoni.

Utando wa kijani kwenye kioo

Huu si ugonjwa, ni saa. Kioo kinachohitaji kukwanguliwa kila baada ya siku mbili hadi nne kinakuambia kwamba maji yana lishe ya wastani. Kinachohitaji kukwanguliwa kila siku kina lishe nyingi mno. Na kioo kilichokaa wiki nzima bila alama kisikufurahishe hata kidogo, kwa sababu nitakazozieleza nikifika kwa dinoflajelati.

Nyuzi za kijani juu ya miamba

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote. Nyuzi laini, ndefu au fupi, zinazopepea katika mkondo na kukatika kwa urahisi ukizivuta, zinatokana na fosfeti na nitreti kuingia kwa kasi kuliko zinavyotoka. Swali la kujiuliza ni zinaingilia mlango gani, na milango ni michache.

Mlango wa kwanza ni maji yenyewe. Maji ya bomba yanaweza kuja na nitreti na fosfeti zake, na kwa kuwa maji yanayopotea kwa mvuke hayaondoki na chumvi wala virutubisho, kila ndoo ya maji ya bomba unayoongeza kufidia mvuke huacha mzigo wake humohumo. Mlango wa pili ni chakula. Yeyusha chakula kilichogandishwa ndani ya chujio dogo, utazame yale maji mazito yanayodondoka: hayo samaki hawayali, yanakwenda moja kwa moja kwa mwani. Wa tatu ni mashapo yaliyolala nyuma ya miamba, ndani ya soksi ya kichujio iliyosahauliwa, na ndani ya tangi la pili, lile la chini, ambako pampu zimewekwa.

Mlango wa nne ndio unaowachosha watu, nao ni mwamba wenyewe. Jiwe lililokaa miaka katika maji yenye fosfeti nyingi, au mwamba mkavu uliokufa na viumbe vyake ndani, huibeba fosfeti juu ya chokaa yake na kuiachia polepole kila unaposhusha kiwango cha majini. Ndiyo maana mtu hubadilisha maji Jumamosi, hupima na kufurahi, kisha Jumatano namba imerudi palepale. Hakukosea kupima, mwamba unalipa deni lake la zamani, na deni hilo huchukua miezi kuisha.

Kuhusu kubadilisha maji, ni vizuri hesabu iwe wazi. Nitreti ikiwa 40, kubadilisha asilimia 10 ya maji huishusha hadi 36, basi. Kubadilisha nusu mara mbili huifikisha 10, lakini matumbawe hayapendi mshtuko wa namna hiyo. Maji mapya yana faida zake nyingi, ila si silaha kuu katika vita hivi.

Anza kwa mikono. Funga mswaki mgumu kwenye mdomo wa mpira wa kunyonyea maji, ili kila uzi unaong'olewa umezwe papo hapo badala ya kusafiri na kuota kwingine. Zungusha mswaki uzi ujisokote kama kwenye kijiti, kisha vuta. Jiwe linaloweza kutolewa liwekwe ndani ya ndoo yenye maji ya tangi na kusuguliwa humo, kisha lisuuzwe katika ndoo ya pili kabla halijarudi. Hapa nina onyo ambalo sitalifupisha: matumbawe madogo ya vifungo, hasa ya jenasi Palythoa, yanaweza kuwa na palitoksini, sumu kali mno. Vaa glavu na miwani ya kukinga macho unaposugua jiwe lenye viumbe hao, na kamwe usichemshe mwamba wala kuumwagia maji ya moto, kwa maana mvuke wake umewahi kuwapeleka watu na familia zao hospitalini.

Baada ya mikono, leta walaji. Konokono wa Trochus wanafaa kuliko wa Turbo katika matangi mengi, kwa kuwa wakianguka chali wanaweza kujigeuza, ilhali wa Turbo, ingawa ni walafi zaidi, hubaki chali hadi wakafa na kuongeza uchafu. Kangaja ni mchungaji hodari, lakini ni samaki wa kuogelea masafa, na kumtia katika tangi la lita 100 kwa sababu ya mwani ni kuhamisha mateso kutoka kwako kwenda kwake. Walaji hula nyuzi fupi. Wakikuta nyuzi za urefu wa kidole hupita pembeni, na ndiyo sababu ya kuanza na mswaki.

Mwisho ni kuweka njia ya kudumu ya kutoa lishe. Mashine ya kutoa povu hunyanyua uchafu kabla haujaoza. Mwani mwema, hasa Chaetomorpha, ukioteshwa katika tangi la chini na kuwashiwa taa usiku wakati taa za juu zimezimwa, hula nitreti na fosfeti uleule mlo wa yule mbaya, na pia huzuia pH isishuke sana gizani; unachopaswa kufanya ni kuuvuna, kwani usiovunwa haujatoa kitu ndani ya tangi. Chembe za oksidi ya chuma hunasa fosfeti kwa nguvu, lakini anza na nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti au hata chini yake, na upime kila baada ya siku mbili. Fosfeti inayoporomoka kwa siku moja hudhuru matumbawe kuliko fosfeti iliyokuwa juu kwa mwaka.

Taa nazo zisipite saa 8 hadi 10 kwa siku, na jua la dirishani lizibwe. Hata hivyo, usitarajie mengi: mwani na matumbawe hutumia mwanga uleule, hivyo kupunguza taa peke yake huwanyima wote wawili.

Nyuzi zenye umbo la unyoya, na vipovu vya kijani

Uzi ukiwa na ushipa katikati na vitawi pande mbili kama unyoya wa ndege, hiyo ni Bryopsis, ambayo walaji wengi huikataa na ambayo huota tena kutoka kwenye mizizi iliyobaki. Dawa ya fangasi iitwayo flukonazo, kwa kiasi cha takriban miligramu 5 kwa lita, imekuwa ikiimaliza katika matangi mengi ndani ya wiki mbili hivi, mkaa wa kichujio ukiwa umeondolewa na mashine ya povu ikiwa imezuiwa kukusanya. Ng'oa kadiri uwezavyo kwanza, kwa kuwa kila kinachofia majini hurudisha lishe yake majini.

Vipovu vigumu vinavyong'aa kama shanga ni Valonia. Kila kipovu ni seli moja tu, jambo ambalo lingependeza sana kama lisingekuwa linaziba matumbawe. Kibandue kizima pamoja na kitako chake huku mpira wa kunyonyea ukiwa karibu. Kaa wa kijani wa jenasi Mithraculus husaidia, ingawa si kila kaa anajua kazi yake.

Shuka jekundu au la zambarau linalobanduka

Kikibanduka kipande kizima kama ngozi, kikiwa na mapovu ya hewa chini yake na harufu ya matope, basi hao ni sianobakteria, nao ni bakteria, si mwani. Hupenda pembe zisizofikiwa na mkondo na mahali mashapo yanapotua. Baadhi yao wanaweza kujitwalia naitrojeni kutoka katika gesi iliyoyeyuka majini, kwa hiyo nitreti ikikwisha huku fosfeti ikiwapo, wao hustawi wakati washindani wao wanalala njaa. Wanaomwaga siki au pombe kali katika tangi ili kulisha bakteria wanaokula nitreti hukutana nao mara kwa mara pale kiasi kinapozidi.

Nyonya shuka lote, geuza pampu ili mkondo upige mahali lilipokuwa, puliza mashapo yatoke nyuma ya miamba, na kama nitreti ni sifuri ipandishe hadi 5 hivi. Rudia kila siku mbili au tatu. Giza la siku tatu, tangi likiwa limefunikwa na hewa ikipulizwa ndani, husaidia na matumbawe mengi hulivumilia. Antibiotiki huondoa shuka kwa siku chache na kuacha chanzo mahali pake, tena zinaweza kuwadhuru bakteria wanaosafisha amonia. Mimi huziweka mwisho wa orodha, na kwa kawaida sifiki huko.

Makamasi ya kahawia yenye mapovu

Haya ndiyo dinoflajelati, nayo yanafanana na dayatomu kwa rangi na na sianobakteria kwa mapovu, na kuyachanganya ndilo kosa lenye gharama kubwa. Dalili zake ni nyuzi za ute zenye povu la hewa kwenye ncha, mchanga unaoonekana msafi alfajiri na mchafu jioni, na konokono wanaolegea na kuanguka.

Tangi langu mwenyewe liliyapata nilipotia chembe za oksidi ya chuma kwa kipimo kamili. Nitreti ikasoma 0, fosfeti ikasoma 0, kioo kikakaa siku tisa bila kukwanguliwa, nami nikajipongeza. Wiki mbili baadaye ute ulikuwa umefunika mchanga. Nikabadilisha maji mara tatu ndani ya siku kumi, na kila mara ulirudi mzito zaidi, kwa sababu nilikuwa nikiendelea kuondoa kile kidogo ambacho washindani wake wangekula. Dinoflajelati hushika tangi pale ambapo viumbe wengine wameshindwa na njaa.

Ili kuhakikisha, nyonya ute kidogo na maji ya tangi, utie ndani ya chupa ndogo, tikisa kwa nguvu hadi uyeyuke wote, kisha mimina katika karatasi ya kuchujia kahawa. Maji yaliyopita, ambayo yatakuwa karibu safi, yaweke chini ya taa kwa saa moja. Vikitokea tena vinyuzi vinavyojikusanya na kushikana, hao ni dinoflajelati. Mwenye hadubini inayokuza mara 400 ataona zaidi: Ostreopsis ana umbo la tone na huzungukazunguka mahali pamoja kana kwamba amefungwa kamba, ilhali Amphidinium hutambaa na kuteleza huku na huku. Tofauti hiyo ina maana. Ostreopsis huelea majini usiku, hivyo taa ya urujuanimno iliyounganishwa na tangi kuu huwakuta na kuwaua. Amphidinium hubaki mchangani, na taa hiyo haimgusi, hivyo kwake watu hutia silika kidogo ili dayatomu waote na kumnyang'anya nafasi.

Kwa aina zote, acha kubadilisha maji, toa chembe za oksidi ya chuma, pandisha nitreti hadi 5 au 10 na fosfeti hadi karibu 0.1, na uzishikilie hapo kwa kupima kila siku, kwani siku za kwanza zitanyonywa na kurudi sifuri. Ute unyonywe kupitia soksi yenye matundu madogo sana, na maji yarudishwe. Ongeza uhai: kiganja cha mchanga kutoka tangi lililokomaa kina thamani kuliko chupa nyingi za dukani. Katikati ya kazi hiyo nyuzi za kijani zitaanza kuota. Ziache kwanza, kwa kuwa ni ishara kwamba njaa imekwisha. Nunua konokono wapya baada ya ute kwisha, si kabla, maana aina nyingine zina sumu.

Maji kugeuka rangi

Maji ya kijani ni mwani unaoelea, na taa ya urujuanimno huyasafisha kwa siku chache. Maji meupe kama yenye maziwa ni bakteria waliolipuka, mara nyingi baada ya siki nyingi au kiumbe kufa mafichoni. Hapo hatari ni upungufu wa oksijeni, basi elekeza pampu usawa wa juu wa maji kwanza, ndipo utafute maiti.

Matumbawe yanapobadilika wakati mwani unapungua

Tumbawe linalopauka huku likiwa bado na nyama yake lina njaa au limepigwa na mwanga mwingi: lishe samaki zaidi, pima fosfeti, punguza nguvu ya taa. Ncha zinazoungua hutokea hasa alkalini inapokuwa 10 au zaidi katika maji yasiyo na lishe, kwa hiyo ishushe polepole kuelekea 8. Linalogeuka kahawia lina lishe nyingi au mwanga mdogo, na hilo si la dharura.

Nyama inayobanduka kuanzia chini na kuacha mfupa mweupe ni ya dharura. Pima alkalini mara moja, kwa sababu mabadiliko ya zaidi ya 1 dKH kwa siku ni chanzo cha kawaida, na mara nyingi yametokea bila kutambuliwa: mwani ulipoondoka, matumbawe na mwani wa chokaa wa zambarau vimeanza kukua na kula alkalini kuliko pampu yako ya dozi ilivyopangiwa. Rekebisha kwa nusu dKH kila siku, si zaidi. Wakati huohuo kata tawi sentimita moja au mbili juu ya mpaka wa nyama iliyo hai, libandike kwenye jiwe jingine mahali penye mkondo mzuri, na usisubiri kesho, kwa kuwa tawi zima linaweza kuwa mfupa kabla ya taa kuwaka tena.